Mwanangu anakataa mlenda wa bibi yake, na mimi mwenyewe siuwezi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nina miaka 33, naishi Morogoro. Nilipokuwa darasa la pili, baba alihamishiwa Dodoma kikazi. Kwetu tulizoea wali, samaki na mboga za nazi. Kule majirani wakatukaribisha kwa ugali wa uwele na mlenda. Nikakataa. Baba hakutaka tuonekane tunadharau watu, akanikalisha pale mpaka nimalize. Nilimaliza, nikatapika. Ikatokea hivyo zaidi ya mara moja. Majaliwa yakanipeleka nikaolewa na Mgogo. Mama mkwe akija huleta mlenda mkavu uliosagwa, anaupika kwa mapenzi yote, na mimi hata harufu yake siihimili, ingawa bamia nakula vizuri tu. Sasa binti yangu wa miaka minne naye anaukataa, pamoja na mchicha, maharage na dagaa. Anataka wali mweupe, chipsi na maandazi. Mama mkwe anasema alazimishwe, eti sisi watu wa pwani tunadekeza. Je, nimlazimishe? Na mimi, kwa umri huu, naweza kubadilika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama mahali pamoja, kwenye maneno uliyoyapitisha haraka kana kwamba hayana uzito: bamia unakula vizuri tu.

Bamia lina ute, na mlenda una ute. Mtu asiyeweza kabisa kumeza kitu chenye utelezi angeyakataa yote mawili. Kwa hiyo ulimi wako hauna ugomvi na mlenda. Kinachokataa ni kumbukumbu ya yule mtoto wa darasa la pili aliyekalishwa mbele ya sahani mpaka akatapika.

Jambo hili wataalamu wanalifahamu tangu zamani. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake huko Marekani waliwapa panya maji matamu huku wakiwapiga mionzi inayotibua tumbo. Baadaye panya wale waliyakwepa maji matamu, ingawa maji hayo hayakuwa yamewadhuru. Mwili ukipata kichefuchefu unatafuta kilicholiwa karibuni, unakitia alama, na alama hiyo haifutiki kirahisi. Ni ulinzi dhidi ya sumu. Wengi wetu tuna chakula kimoja tulichokula siku malaria ilipopanda, na hadi leo kikiletwa tunageuza uso. Mwili hauulizi kama kosa lilikuwa la chakula, la mbu, au la baba aliyekaza sauti.

Baba yako simlaumu. Alitaka kukufundisha jambo zuri sana, kwamba chakula cha jirani hakidharauliwi. Somo lilikuwa la kweli, lakini njia aliyoitumia ikakuachia chuki juu ya kitu kile kile alichotaka ukiheshimu. Kwa hiyo usimlazimishe binti yako, hata kwa mlenda peke yake, hata siku mama mkwe anapokuangalia kwa jicho la swali.

Nimefanya kazi ya lishe kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa katika kliniki za mama na mtoto, na nimeona kulazimisha kwa kila namna: kubana pua, kutishia fimbo, kumwita askari, kuhesabu matonge. Vijiko vinne vitaingia leo, na kesho mtoto ataanza kulia akiona sufuria tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo supu. Mara nyingine waliachwa wale wenyewe, mara nyingine mtu mzima aliwahimiza: maliza supu yako, tafadhali. Walipohimizwa walikula kiasi kidogo kuliko walipoachwa, na wakaisema supu vibaya zaidi. Hapo hakukuwa na fimbo, yalikuwa maneno tu.

Rushwa nayo haifai. Ukimwambia "kula mchicha nikupe soda", umemweleza kwamba mchicha ni kazi na soda ndiyo mshahara. Hakuna mtoto atakayependa kazi kuliko mshahara.

Lakini kwanza tuuangalie umri wake. Kuanzia kama miaka miwili hadi sita, watoto wengi huingia katika kipindi cha kukataa chakula wasichokijua, wakati mwingine hata walichokila vizuri walipokuwa na miezi kumi. Mama anadhani mtoto amerogwa au ameharibiwa. Sivyo. Mtoto wa umri huo ameanza kutembea mbali na mama, anaweza kuchuma jani na kulitia mdomoni, na hofu ya kitu kigeni inamkinga. Ndiyo maana mboga za majani zenye uchungu kama mnavu na mchunga hukataliwa kuliko ndizi mbivu: utamu ulimi unaupokea tangu siku ya kuzaliwa, uchungu unafundishwa kuupokea. Binti yako yuko katikati kabisa ya kipindi hicho. Kuna watoto wanaokipitia kwa wepesi na wengine kwa vita, na sehemu ya tofauti hiyo wanazaliwa nayo.

Basi hofu hiyo inaondokaje? Kwa kuonja tena na tena, na kwa kuona wengine wakila.

Juu ya kuonja, Leann Birch, mtafiti wa Marekani wa ulaji wa watoto, alifanya kazi kubwa. Mwaka 1982 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya watoto wa miaka miwili waliopewa vyakula vigeni kwa idadi tofauti, kingine mara mbili tu, kingine mpaka mara ishirini. Kadiri walivyokuwa wamekionja mara nyingi, ndivyo walivyokipenda. Mama wanaokuja kliniki huniambia "dagaa hapendi huyu". Nikiuliza amepewa mara ngapi, jibu huwa mara mbili au tatu. Mara tatu si chochote. Weka akilini mara kumi au kumi na tano, kidogo kidogo, kabla hujasema mtoto hapendi. Na kuonja maana yake ni kuonja kweli, hata kama ni ncha ya kidole, hata kama atatema. Mfundishe kutema kwa adabu, kwenye kitambaa, bila kelele. Mtoto anayejua kwamba anaruhusiwa kutema ana ujasiri wa kutia mdomoni.

Juu ya kuona, mfano ninaoupenda ni wa pilipili. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Paul Rozin na mwenzake waliandika walichokiona katika kijiji kimoja cha Mexico. Hakuna anayemlisha mtoto pilipili kwa nguvu. Pilipili inakaa pale penye chakula kila siku, wakubwa wanaila, kaka na dada wanaila, na mtoto anapofika umri wa kwenda shule anaanza kuitaka mwenyewe. Wewe wa Pangani hili hukuhitaji kulisikia kutoka Mexico. Ni nani aliyekulazimisha achari ya embe? Uliwaona wakubwa wanailamba, wanakunja uso, halafu wanarudia, na siku moja ukachovya kidole walipokuwa wanaongea.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza jambo ambalo hukuliandika. Binti yako anakula na nani? Nyumba nyingi za mjini nilizoingia, mtoto analishwa saa kumi na mbili jioni mbele ya televisheni, na dada wa kazi, chakula chake peke yake: wali mweupe na mchuzi, maana ndicho anachokubali. Baba anafika saa mbili na nusu. Wakubwa wanakula mlenda, dagaa au kisamvu mtoto akiwa amelala. Sasa atajifunza wapi? Sinia la zamani lilikuwa na kasoro zake, nazijua, wakubwa waliwahi vipande vya nyama na wadogo wakabaki na mchuzi, na sisi watu wa lishe tumelisema sana hilo. Lakini sinia lilikuwa darasa. Mtoto aliuona mkono wa bibi ukifinyanga tonge, ukitia kidole gumba kutengeneza kijishimo, ukichota mboga. Aliuona mara elfu kabla hajatakiwa kufanya hivyo yeye. Birch huyo huyo, katika utafiti mwingine wa mwaka 1980, aliwakalisha watoto wa chekechea na wenzao wanaopenda mboga tofauti na wanayoipenda wao, na ndani ya siku chache walianza kuchagua ile ya wenzao bila mtu mzima kusema neno.

Kwa hiyo badiliko la kwanza ni la saa na mahali, mapishi yatafuata. Angalau mara tatu kwa wiki, na kila siku bibi akiwepo, mle pamoja, wote chakula kimoja, televisheni imezimwa. Wali wake uwepo, asikose kabisa kitu anachokijua. Pembeni weka mlenda kidogo sana, kiasi cha ukucha. Usimtazame, usimsifu kupita kiasi akionja, usihuzunike asipoonja. Wewe unaamua nini kinapikwa, mnakula saa ngapi na wapi. Yeye anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Ukiuvuka mpaka huo kwa kumshindilia, au yeye akauvuka kwa kukuagiza chipsi, vita vinaanza upya.

Maandazi na chai ya sukari saa kumi na moja jioni ndiyo adui mkubwa kuliko ukaidi. Mtoto aliyeshiba unga na sukari hana sababu ya kujaribu majani. Vitafunwa viwe na saa yake, mbali na chakula kikuu. Lakini chipsi usizipige marufuku kabisa, maana kitu kilichofungiwa kabatini ndicho mtoto anachokiwaza mchana kutwa. Ziwe chakula cha siku moja moja, zikija zinaliwa, zikiisha zimeisha.

Mshirikishe pia jikoni. Mwache achambue majani na bibi yake, amwage mlenda uliosagwa kwenye maji, akoroge. Mikono ikizoea, mdomo unafuata. Na tafadhali, kitu kipya usimpe siku anayoharisha au ana homa, wala usimfichie dawa chungu kwenye uji anaoupenda. Hayo ya Garcia yanamhusu na yeye.

Sasa nije kwako, kwa sababu katika nyumba yenu unaloliita tatizo la mtoto lina mizizi miwili, na mmoja uko usoni mwako. Mtoto wa miaka minne haelewi historia ya Dodoma. Anachokiona ni kwamba bibi akifunua sufuria ya mlenda, mama anarudi nyuma na pua inakunjamana. Kwake hiyo ni habari ya kutosha, mama ameona hatari. Sikulaumu, uso haudanganyi kirahisi. Ninachokuomba kwa sasa ni kitu kidogo. Kaa hapo, kula chako, na kumwonyesha mtoto uachie watu wanaoupenda mlenda kweli, baba yake na bibi yake. Akikuuliza mbona wewe huli, mwambie ukweli: mimi bado najifunza. Mtoto anafarijika kusikia kwamba mtu mzima naye anajifunza.

Unauliza kama umri umekupita. Nikupe habari ya nyumbani kwetu. Mimi ni Mhaya, na mila yetu ya zamani ilimkataza mwanamke kula senene. Wanawake ndio waliowakusanya alfajiri, wakawang'oa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka nyumba nzima ikanukia, kisha wakawapelekea wanaume. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote, na akisema hata harufu haimvutii, na naamini alisema kweli. Sisi wajukuu wa kike, tuliosoma shule za mbali, tukaanza kula, kwanza kwa kujificha, baadaye waziwazi barazani kwake. Hakutukemea. Alikuwa anatutazama. Msimu mmoja, akiwa amepita miaka sabini, nilikuwa nimekaa naye tunachambua, akachukua senene mmoja aliyekaangwa, akamtafuna polepole kama mtu anayesikiliza kitu, akasema chumvi imepungua. Basi, hakusema zaidi. Tangu siku hiyo tukimpelekea sahani yake kama mtu mwingine yeyote.

Hakuna aliyemhubiria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Kurt Lewin alijaribu kuwafanya akina mama wa jimbo la Iowa, Marekani, wapike moyo na figo za ng'ombe, vitu walivyovidharau. Kundi moja lilipewa mhadhara mzuri juu ya vitamini na uzalendo. Kundi jingine lilikaa likajadiliana lenyewe na kuamua. Baadaye, waliopika kati ya waliohubiriwa walikuwa asilimia 3, na kati ya waliojadiliana walikuwa asilimia 32. Kwa hiyo hotuba ya mama mkwe haitakubadilisha, wala yangu. Kuketi naye kunaweza.

Njia yako ninaiona inaanzia kwenye bamia. Pika bamia la nazi kama mnavyopika kwenu, na nyanya na kitunguu, kisha tia majani mabichi machache ya mlenda, machache kiasi kwamba ukiyatafuta unayaona na usipoyatafuta huyahisi. Kaa na hilo wiki mbili tatu. Ongeza majani, punguza bamia. Karanga zilizosagwa zinatuliza utelezi na kuongeza ladha, na magadi tia kidogo sana, maana yakizidi yanaleta ile harufu inayokurudisha Dodoma. Pika wewe mwenyewe, nyumbani kwako, sahani uijaze wewe na uwe na uhuru wa kuiacha. Kichefuchefu kikipanda, acha siku hiyo. Hata hivyo kuna watu wanaofika mwisho wa safari hiyo wakisema wanauvumilia ila hawaupendi, na hilo linatosha kabisa.

Niseme jambo juu ya heshima ya mlenda wenyewe, kwa sababu nadhani chini ya maneno ya mama mkwe kuna jeraha. Watu wa Dodoma wamesikia miaka mingi chakula chao kikitajwa kama chakula cha ukame na umaskini. Chakula kikishabandikwa aibu, watu hawakionji tena, wanaionja ile aibu. Waulize wazee juu ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada wakati wa njaa ya miaka ya 1970 na 1980. Kuna watu hadi leo hawataki kuona ugali wa njano, si kwa ladha yake, bali kwa foleni walizopanga kuupata. Na aibu inaweza kuondolewa. Kenya, mboga kama managu na mrenda zilikuwa zinaitwa magugu na chakula cha maskini, leo zinauzwa madukani Nairobi. Aliyezipigania kwa sayansi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki na mayai, akalelewa kwa mboga hizo za kienyeji. Mrenda huo ni ndugu wa mlenda wenu. Na Misri, majani ya jamii hiyo hiyo wanayoyaita mulukhiya ni chakula cha fahari cha taifa zima, wanayala na kuku, sungura na wali. Mwambie binti yako hayo akikua kidogo, na mwambie mama mkwe leo.

Kuhusu afya ya mtoto, fungua kadi yake ya kliniki. Kama uzito unapanda sawasawa na anacheza, una muda wa kutosha, na wakati huo mpe mayai, maziwa, karanga na matunda kufidia anachokikataa. Lakini kama uzito umesimama au unashuka, kama anakohoa au kupaliwa anapomeza, kama vyakula anavyokubali vinazidi kupungua badala ya kuongezeka, au ukimwona amepauka viganja, anachoka upesi, anakula udongo, nenda kituo cha afya apimwe damu. Hapo si suala la mazoea tena.

Kazi ya mwisho ni ya mume wako. Umeniandikia yaliyotokea Dodoma, sahani, baba na kutapika, lakini hukusema kama mama mkwe amewahi kuyasikia. Nahisi hajui. Anachojua ni kwamba kila akija na kifurushi chake, mke wa mwanawe anageuza uso, na mjukuu anafuata. Mwombe mume wako amweleze kabla hajapanda basi safari ijayo. Kisha wewe mwambie alete majani mabichi kidogo na yale makavu, na akufundishe kuyachambua, wewe na binti yako, wote watatu mkekani. Siku hiyo mpikie na bamia la nazi.